Joho Lililokataa Kuvaliwa

Aliyesema kukataliwa na mpenzi ndiko kunakouma kuliko kote hajawahi kukataliwa na lango. Mpenzi akikukataa, anakukataa na uso wake: unauona mdomo ulivyopinda, unajua uanzie wapi kununa. Lango halina mdomo. Lango linakuandikia maneno mawili mekundu kwenye kioo, Huna ruhusa, kisha linanyamaza kama jiwe lililoshiba. Ruhusa ya nini? Nani hana? Mimi, au yule niliyemtuma, au nguo aliyovaa? Hujibiwi. Ni kama kupigiwa simu ukaambiwa pole, umefiwa, halafu mleta habari akakata.

Kazi yangu mimi ni hayo maneno mawili. Naitwa Mbwana, angalau mchana ule nilikuwa bado naitwa hivyo, na ni fundi wa malango katika karakana ya Bi Kidawa. Mji wetu uko chini. Juu yake, ndani ya wingu lisilohama hata upepo uvume vipi, uko mji mwingine ambao hakuna aliyeuona. Tunauamini kwa sababu ukisema fungua, mabomba yetu hutoa maji. Ukisema funga, hukohoa na kukauka. Wapo wanaouogopa, wapo wanaouimbia. Sisi mafundi tunauita Juu tu, tunaendelea na chai.

Maneno ya kwenda Juu hatuyapeleki wenyewe. Tunamtengeneza tarishi. Tarishi hana mama wala jana. Anaamka karakanani, anapewa neno moja, anapita lango la kwanza, lango la ndani, analitua neno lake, anayeyuka. Hata muda wa kuchoka hana, na mara nyingine namwonea wivu. Nguvu hana pia. Nguvu ziko kwenye joho lililotundikwa lango la ndani: akilivaa, anaweza kusoma yaliyomo na kufuta yaliyokosewa. Akilivua, ni hewa yenye adabu. Na joho la Juu si kanzu ya Idi ya kuazimana. Lazima tarishi aruhusiwe kulivaa, na lazima joho lenyewe liridhie kuvaliwa naye. Ridhaa mbili, kama ndoa. Mmoja akikataa, bawabu wa lango hasemi ni nani kakataa. Kama ndoa.

Basi. Mchana ule mama alinipigia simu kutoka nyumbani, Bondeni.

"Mbwana mwanangu, hebu niambie. Leo nimewakosea nini watu?"

"Kwani vipi, mama?"

"Muuza maziwa kapita hapa mlangoni, namwita, hakugeuka. Nikasema labda masikio. Mara kaja Mwanamvua wa jirani analia. Mumewe kampigia simu, kisha anamuuliza, samahani, hapo ni kwa nani?"

"Huyo mumewe namjua. Anatafuta sababu."

"Usinitanie, Mbwana. Unanisikia vizuri?"

Nilimsikia. Lakini sauti yake ilitoka nyuma ya pazia, na kadiri alivyozungumza likashuka pazia jingine. Nikamwambia asitoke nyumbani, nitampigia. Nikageukia kioo chetu cha kuonea malango. Kwenye lango la kwanza la Juu kuna ubao wa mitaa yote, na tarishi yeyote anaweza kuandika pale. Mtaa wetu ulikuwa umeandikwa: Bondeni, hakuna mtu.

"Alaa," alisema Shekue, mwenzangu, akitafuna karanga begani kwangu. "Mmehama lini hata hamkuaga?"

Shekue ndiye mpitishaji. Karakanani mwetu mwandishi wa neno hajipitishii: mimi nikiandika, lazima yeye asome na kuridhia, na sote wawili tuwe ndani mpaka tarishi alitue. Mmoja akitoka, neno linarudi chini kama mpira. Ni desturi nzuri. Imetuepusha na mengi, hasa na mimi.

"Nani kaandika upuuzi huu?" niliuliza.

"Tarishi wako wa asubuhi."

Kweli alikuwa wangu. Kila karakana ina mtaa inaouhudumia bila kukaa ndani yake, wetu ni Bondeni, na asubuhi nilimtuma akaulize lango la ndani watu wa Bondeni wako wangapi, ili jioni wagawiwe maji. Alifika, akauliza, bawabu akamjibu: Hakuna. Tarishi, ambaye ni mkweli kuliko mimi na wewe, akarudi lango la kwanza akaandika alichoambiwa.

Lakini hiyo hakuna ya bawabu, jamani, ni hakuna ya adabu. Ukimuuliza kitu usichoruhusiwa kukijua, hasemi hukuruhusiwa, kwa sababu akisema hivyo keshakuambia kwamba kitu kipo. Kwa hiyo anasema hakuna. Hakuna chumba. Hakuna mtu. Anasema kwa upole, kama mwenye nyumba anayemwambia mgeni kwamba chakula kimekwisha huku mvuke wa pilau unampita puani. Nikakaa nikafikiri: katika yote niliyowahi kuambiwa hayapo, mangapi yalikuwa chumba cha pili, yamekaa mkekani, yakinisikia nikiondoka? Na mimi je? Nani mahali fulani ameuliza habari zangu, akajibiwa hakuna, akaenda zake, akaniandika?

Ubao hukauka jua likizama. Kabla haujakauka, kilichoandikwa ni maandishi. Ukishakauka, ndivyo mambo yalivyo, na ndivyo yalivyokuwa siku zote. Mtaa ulioandikwa hauna mtu haupati maji, kisha haupati salamu, kisha hata wajukuu wake wanashindwa kueleza walitokea wapi. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama kwenye dirisha. Na kuandika kwenye ubao kila tarishi anaweza, ila kufuta ni mpaka joho.

Nikaandika neno jipya: Futa, Bondeni wapo watu. Shekue akasoma, akaridhia, tarishi akaondoka. Lango la kwanza, kijani. Lango la ndani, nyekundu. Huna ruhusa.

Nikafanya lile kosa ambalo kila fundi hulifanya akiwa na hofu. Nikaenda kuchungulia mwenyewe, kwa uso wangu, maana mafundi tumepewa idhini ya kuchungulia tu. Lango likafunguka kama mlango wa duka.

"Mbona mimi nafunguliwa?"

"Andika hayo kaburini kwako," alisema Shekue. "Mafundi wote hufa na maneno hayo mdomoni. Anayekwenda ni wewe au tarishi?"

"Tarishi."

"Basi uso wako una kazi gani, zaidi ya kutuharibia mandhari?"

Alisema kweli. Mimi nikipita nathibitisha kwamba mimi napita. Ni ujinga wa kila mwenye funguo: anafungua mlango wake, anatoka barazani, anatangaza kwamba mji hauna kufuli.

"Mpe nyota," Shekue akasema, akiwa ameacha karanga.

Nyota ni ruhusa ya kila kitu. Mafundi waoga huibandika kifuani kwa tarishi wakishachanganyikiwa, kisha husahau kuibandua, na siku moja unasikia tarishi fulani kafuta mtaa mzima kwa kudhani anafagia. Sikutaka. Nikaibandika. Ilikaa upande, ikaonekana kama kovu. Tarishi akaenda, akarudi: Huna ruhusa. Nyota ilikuwa imemwongezea anachoweza kukifanya. Haikugusa yeye ni nani. Nikaibandua haraka, nikashukuru, nikaogopa zaidi.

Anachoweza. Yeye ni nani. Anachoweza. Yeye ni nani. Niliyarudia mpaka yakapoteza maana, nikawa kama mtoto anayerudia jina lake mwenyewe mpaka linakuwa la mtu mwingine.

Nikataka kuchungulia tena. Safari hii lango halikufunguka. Wala halikusema huna ruhusa. Lilisema: Hakuna fundi huyo.

"Shekue."

"Nini?"

"Mimi ni mtu wa wapi?"

"Wa Bondeni." Akanitazama kama mtu anayetazama kikombe akijaribu kukumbuka kama ni chake. "Wewe... wa Bondeni, ndiyo. Mbwana. Usinitishe, bwana."

Hapo ndipo Shekue alipopata wazo ambalo mpaka leo namshukuru, ingawa yeye hajui. Siku zote sisi husoma lango limesema nini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza tarishi amesema nini. Tukamwamsha mwingine, tukamsimamisha katikati ya karakana, mweupe, mtulivu, hana hata kivuli cha kumsumbua.

"Ukifika kwenye joho unasemaje?" nilimuuliza.

"Nasema, mimi ni tarishi, nimetumwa, natoka nyumba ya Salama."

Shekue akaweka mkono kichwani. Mimi nikaangalia juu ya mlango wetu, ambapo jina lile lilikuwa limeandikwa kwa rangi nzuri ya kijani, na chini yake, ukikaza macho, mikwaruzo ya jina la zamani: Ukingo.

Kwetu, mtoto asiyepona hubadilishwa jina, ili ugonjwa ukija kumwita asiitike. Wengi tumekua hivyo. Mitaani mna watu wazima wenye majina ya pili yanayowatosha vizuri kuliko ya kwanza. Karakana nayo ilikuwa mgonjwa. Matarishi walikuwa wakirudi wameraruka, na Bi Kidawa, mwenye karakana, alikuwa amebanwa na kifua hata akawa analala amekaa. Jana tukafukiza ubani, tukapika uji tukagawa, tukakwangua jina, tukaandika jingine. Jirani wote walilishika kabla uji haujapoa. Karani wa mtaa alilishika. Mpaka kuku walilishika. Bi Kidawa akalala chali kwa mara ya kwanza tangu mvua. Na hakuna aliyekumbuka kulipelekea joho habari. Joho linamjua mvaaji wake kwa nyumba atokayo, na nyumba linayoijua ni Ukingo. Akaja mtu kutoka Salama. Likamtazama, likajikunja ukutani. Tulibadili jina ili mkosi upotee njia, na riziki ikapotea njia hiyo hiyo.

Joho linaweza kufundishwa jina jipya. Unapeleka ombi, Juu wanalipokea, wanalijibu wakipenda. Hawapendi kabla ya jua kuzama. Njia iliyobaki ilikuwa moja, na ilikuwa imekaa uani inapepeta mchele.

"Hapana," alisema Bi Kidawa kabla sijamaliza.

"Bi mkubwa, turudie Ukingo leo tu. Kesho tunarudisha Salama."

"Mkosi hauulizi leo wala kesho. Ukisikia jina lake unaitika." Akaupiga ungo pembeni, makapi yakaruka. "Wewe hujawahi kulala umekaa, mwanangu. Hujui usingizi unavyokuwa ukiupata kwa kuuiba. Hapana, Mb..." Akakwama. "Hapana, kijana."

Nilikuwa nimefanya kazi kwake tangu nimalize shule. Sikumsahihisha. Nikampigia mama, nikamkabidhi bi mkubwa simu.

"Alo?" akasema Bi Kidawa. "Alo? Nani?" Akabana simu sikioni. Akasikiliza kwa muda. "Nasikia fagio. Mtu anafagia. Sasa kama anakohoa. Alo? We mama!" Akanigeukia. "Mbona hakuna mtu?"

Neno lilitoka mdomoni mwake, likasimama kati yetu. Akaliona. Nilimwona akiliona. Akatega sikio tena, na ungo ukamteleza magotini, mchele ukamwagika, hakuutazama.

"Anafagia," akasema polepole. "Anafagia kwa nani?"

Aliinuka, akachukua kopo la chokaa, akapanda kwenye ngazi mbovu tuliyonayo, huku Shekue ameshika miguu ya ngazi na mimi nimeshika Shekue. Akaipaka Salama chokaa mpaka ikafa. Akaandika Ukingo kwa kidole.

"Ukija," akasema akiwa bado juu, hakuutaja mkosi kwa jina, "uambieni mimi niko uani. Usinitafute kwa majirani."

Tarishi akatoka. Lango la kwanza, kijani. Lango la ndani. Kwenye kioo tuliona joho likijikunjua ukutani, pole pole, kama mtu mzima anayemkumbuka mjukuu, likashuka likamkaa tarishi mabegani. Shekue akanipiga kofi la mgongo lililonirudisha katika walio hai. Nikaanza kucheka. Kijani tupu, nikasema, kijani kama...

"Ngoja," alisema Shekue.

Joho lile, lilipokubali, lilikuja na masharti yake, kama kila kitu kinachokubali. Yaliandikwa kwenye kioo kwa herufi ndogo zenye heshima: mvaaji atawaandika walio chini ya mapaa ya Bondeni saa hii, wala si zaidi. Kwa mwenye kazi yetu hilo ni jambo la kusifiwa. Mpe mtu ruhusa ndogo kabisa inayotosha, ndivyo tunavyofundishwa, na mimi mwenyewe nimewafundisha wengine kwa sauti ya kujidai. Inayotosha nini, sikuwahi kuuliza. Inayomtosha nani.

"Wewe uko chini ya paa gani?" Shekue aliuliza, ingawa alikuwa akiliona.

Nikaangalia juu, kwenye paa la karakana.

"Kimbia nyumbani, bwana. Kimbia!"

"Nikitoka, neno halina mwandishi. Linarudi chini."

"Nitaliandika mimi upya."

"Atakupitishia nani? Na tarishi ataanza tena lango la kwanza. Litazame jua, Shekue."

Tukalitazama. Lilikuwa limeshika ukingo wa dirisha kwa vidole. Nje, upande wa Bondeni, kulikuwa na ukungu mwembamba, na paa zilizokuwa zikionekana tangu utoto wangu zilianza kuwa na shaka. Huwa najiuliza mtu ni nini. Wanasema ni moyo, wanasema ni kumbukumbu. Mchana ule niliona kwamba mtu ni ubishi. Ni yule anayesema nipo, na mwingine anayejibu ndiyo, tumekuona. Ukiwatoa wanaojibu, unabaki na mtu anayesema nipo, nipo, nipo, chumbani, kwa sauti ya heshima, huku akiogopa kwamba anawasumbua majirani.

"Pitisha," nikamwambia.

"Sitaki."

"Shekue, ndugu yangu. Umenisumbua miaka yote kwa mambo ambayo hayakustahili kupita ukapitisha. Hili moja linastahili."

"Nitakukumbuka mimi. Sitakusahau mimi. Nitajiandikia jina lako mkononi." Akachukua kalamu akaandika kiganjani, herufi kubwa kubwa, machozi yakiwa yamemjaa na karanga imo shavuni. Kisha akapitisha.

Tarishi akafuta. Ubao ukasema: Bondeni, wapo. Akavua joho, akalitundika, akayeyuka, na sijui kwa nini nilimpungia mkono. Jua likazama. Ubao ukakauka.

Hakuna kilichoniuma. Hilo ndilo lililonitisha. Nilijipapasa: pua ipo, magoti yapo, kiatu cha kushoto bado kinabana. Shekue alikuwa akiutazama mkono wake, akiugeuza kwenye mwanga, akijaribu kusoma. Kisha akaupangusa kwenye suruali kama mtu aliyeshika wino kwa bahati mbaya. Akaniona nimekaa.

"Karibu, kaka. Umemfuata nani?"

"Bi Kidawa," nikasema, maana ilibidi niseme kitu.

"Yuko uani, anaokota mchele. Sijui kaumwagaje." Akaninyooshea mkono wenye karanga. "Kaa, atakuja."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Nikatoka nje, nikasimama ukutani, nikabonyeza. Iliita kwa muda mrefu. Nikatamani isipokelewe. Nikatamani ipokelewe.

"Alo, nani mwenzangu?"

Hakukuwa na pazia lolote. Sauti yake ilikuwa sikioni mwangu nzima, na mikwaruzo yake yote.

"Fundi, mama. Fundi wa maji. Nauliza kama yametoka huko Bondeni."

"Yametoka, mwanangu, tena kwa nguvu mpaka ndoo imeniponyoka. Mungu akuweke. Watu walisema wewe nani atakushughulikia, nikawaambia mafundi wapo." Akacheka. Kisha akasita. "Sauti yako, fundi..."

"Ina nini?"

"Aa, basi tu. Kama ya mtu mpenda utani." Nikasikia anavuta kiti, anakaa. "Umeshakula lakini?"

"Bado."

"Basi pita kwangu ule. Leo nimepika chakula kingi, wallahi sijui nilikuwa nampikia nani. Unapajua Bondeni?"

Nikaegemea ukuta.

"Nielekeze," nikasema.

"Unashuka na mtaro, unauacha msikiti mdogo mkono wa kulia. Utaona nyumba ina kizingiti kimevunjika kipande, alikivunja mtoto sijui wa nani akipasulia karanga kwa nyundo. Hapo hapo. Lakini usije ukaingia moja kwa moja, baba, mimi naishi peke yangu na sikujui. Piga hodi. Nikisema karibu, uingie."